Harufu ya Kidoti

Watu wana midomo, jamani. Mtu akivunjika mguu wataenda kumpa pole na matunda kwenye kikapu. Akipoteza pua, wanamcheka. Mama Kidoti alikuwa na mafua ya miaka minane, na si yale mafua ya kuja na kuaga, ni yale yaliyohamia na virago vyao vyote, na pale kwenye kiwanda cha mikate wenzake walimwita Pua Pambo. Yaani pua ipo usoni kwa urembo, kazi haifanyi. Yeye alicheka nao, akapenga kamasi, akaendelea kutia mikate kwenye mifuko. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Zamani hakuwa mtu wa mifuko. Alikuwa mbele ya tanuri, mwokaji hasa, anayejua mkate umeiva kwa kunusa tu huku mwenzake bado anatafuta saa. Kisha pua ikaanza kuziba. Ilianza upande mmoja, ukafuata wa pili, kichwa kikawa kizito, macho yanauma kwa nyuma, makohozi yanateremka kooni hata kulala ni taabu. Pumu nayo ikaja, kana kwamba iliitwa. Siku moja aliunguza tanuri zima akiwa amesimama palepale, moshi unampita usoni, yeye anapiga soga. Msimamizi hakumfukuza. Alimhamishia kwenye mifuko na kumwambia aipumzishe hiyo pua kidogo, na pua ikapumzika moja kwa moja.

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti, mwenye alama ndogo nyeusi juu ya mdomo. Ndiyo maana aliitwa Kidoti, na jina likawa la nyumba nzima, Mama Kidoti na Baba Kidoti. Kila akirudi kazini mama alikuwa na mazoea ya kumbeba mtoto, kuuzika uso shingoni mwake na kumvuta harufu mpaka mtoto apige kelele. Pua ilipoziba kabisa Kidoti alikuwa na miaka mitano. Mama akawa anambeba vilevile, anavuta, hapati kitu.

"Nitakunusa mafua yakipona," alimwambia.

"Ninuse leo, nimeoga!" mtoto alijibu.

Mafua hayakupona. Kidoti alikuwa ametoka tu kutimiza miaka sita alipopata homa ya uti wa mgongo, ikamchukua kabla majirani hawajajua kuwa anaumwa. Mama alimkumbatia pale kitandani hospitalini, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote, na hakupata hata chembe. Mwaka mzima wa mwisho wa mwanawe ulikuwa umepita bila harufu, na sasa hapakuwa na mwaka mwingine.

Dada yake alipokuwa anafungasha nguo za mtoto ili zigawiwe, Mama Kidoti alimnyang'anya sweta moja la manjano. Ndilo Kidoti alilovaa siku ya mwisho aliyocheza nje, na lilikuwa halijafuliwa. Alilitia kwenye mfuko wa nailoni, akafunga fundo, akalificha kabatini. Wazo lake lilikuwa jepesi. Mwanangu yumo humu. Siku pua hii itakapofunguka, nitamkuta.

Basi hiyo ndiyo haja aliyobaki nayo duniani. Hakuomba nyumba, hakuomba cheo, hata mtoto mwingine hakuomba. Kila asubuhi, akishajipaka dawa yake ya kuchua ili apate pumzi ya kwendea kazini, alifungua fundo, akazamisha uso ndani ya sweta na kuvuta. Hakupata kitu. Alijaribu tena, maana huwezi jua. Halafu alimpa mumewe.

"Bado yumo?"

Baba Kidoti alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno ya kupimwa, ambaye salamu tu ilimtosha kwa siku nzima. Alilipokea sweta kwa mikono miwili, akanusa, akasema, "Yumo." Mkewe akafunga fundo, akavaa kilemba, akaenda zake kazini. Asipoambiwa hilo neno, hakuwa na miguu ya kumtoa mlangoni. Miezi ile ya kwanza baada ya msiba alikuwa halali, hali, haogi mpaka alazimishwe, na mumewe alijua vizuri sana ni kitu gani kilichomwinua.

Daktari wa pua, masikio na koo walimwita Daktari Tochi kwa ajili ya ile taa aliyoivaa kwenye paji la uso hata anapokwenda kunywa chai. Alikuwa amemfanyia Mama Kidoti upasuaji mara moja, akatoa vinyama vilivyoota puani. Kwa majuma machache Mama Kidoti alipumua kama binadamu, ingawa harufu haikurudi, kisha vinyama vikaota upya. Sasa alimwita, akapitisha kamera nyembamba puani, akaguna.

"Mama, wewe unadhani una magonjwa matatu," alisema. "Pua, pumu, na kile kifua kinachobana ukimeza baadhi ya dawa za maumivu. Mimi naona ni ugonjwa mmoja. Pua na mapafu ni nyumba moja. Moto ukiwaka sebuleni, chumbani hakulaliki."

"Na nani anauwasha huo moto?"

"Mwili wako wenyewe. Unapigana na adui ambaye hayupo. Ndicho tunachokitafiti." Akavuta kiti karibu. "Kuna sindano mpya inayojaribiwa. Nusu ya wagonjwa watapata dawa, nusu watapata maji ya chumvi. Wewe hutajua unachomwa nini, na mimi sitajua."

"Ala! Daktari hajui anachonichoma?"

"Nikijua, nitakuona umepona hata kama hujapona. Jicho la mtu lina upendeleo."

Mama Kidoti alitikisa kichwa. Alikuwa amesikia mengi hospitalini, lakini daktari anayejisifu kwa kutojua alikuwa wa kwanza. Daktari akamuuliza anatarajia kupata nini kwenye utafiti huo, maana wengine walitaka kulala vizuri, wengine waachane na kichwa kuuma.

"Nataka nimnuse mwanangu."

Daktari Tochi akacheka kwa wema. "Ana umri gani?"

"Sita."

"Wa miaka sita! Huyo ananuka jasho na vumbi, mama. Utamnusa siku moja utaniomba nikuzibe tena."

Mama Kidoti alicheka naye. Angemwambia nini? Mtu amecheka vizuri, amefurahi, utamtupia maiti mezani? Moyoni ilimpendeza kidogo kwamba kuna mtu mmoja hapa duniani anayedhani Kidoti yuko nyumbani anachafua nguo.

Kisha nesi wa utafiti, binti mchangamfu mwenye sauti ya sokoni, akampa kalamu zenye harufu anuse moja moja, ili wajue pua yake inaanzia wapi. Kila kalamu ilikuwa na majibu manne ya kuchagua.

"Hii je, dada? Kitunguu, sabuni, petroli au limau?"

"Nichagulie wewe."

"Hairuhusiwi. Kubahatisha ndiyo kunaruhusiwa."

"Basi petroli."

"Ni limau."

"Loh! Kumbe nyumbani tunatia petroli kwenye chai." Nesi alicheka hadi akaangusha kalamu. Kwa kalamu zote alizonusa, alizopata ni zile tu alizobahatisha.

Alipomweleza mumewe habari za sindano, Baba Kidoti alikuwa anapiga randa mguu wa meza. Aliacha.

"Na ikifanya kazi?" aliuliza.

"Mume wangu! Watu wanauliza isipofanya kazi, wewe unauliza ikifanya?"

"Nauliza tu." Akapuliza maranda kwenye ubao. "Lile sweta ni la siku nyingi, Mama Kidoti."

"Si unasema yumo?"

"Yumo," alisema, na akarudi kwenye randa yake. Mkewe alifikiri anaogopa sindano kwa niaba yake, kama kawaida ya wanaume, ambao wakiona bomba la sindano wanakumbuka wana shughuli mahali pengine.

Akaanza kuchomwa pajani. Kila akienda kliniki alimuuliza nesi, "Leo ni dawa au maji?" na nesi alijibu, "Muulize Mungu, mimi nimeajiriwa tu." Walimtoa damu, walimpiga picha ya kichwa, walimpulizisha kwenye bomba la kupima pumzi. Mwezi wa kwanza hapakuwa na kitu. Wa pili akaona amelala usiku mzima bila kuamka kutafuta hewa, akaogopa kulisema, maana ukisema neema kwa sauti inasikia na kuondoka. Kichwa kikawa chepesi. Lakini harufu, hapana. Kila asubuhi alizama kwenye sweta na kutoka mikono mitupu.

Halafu siku moja, mchana mweupe, yuko kwenye mifuko, alisimama wima na mkate mkononi.

"Inaungua!" alipiga kelele.

Mwokaji aliyeshika nafasi yake mbele ya tanuri, kijeba mmoja mwenye mdomo mrefu kuliko yeye, aligeuka. "Nani anaungua, Pua Pambo?"

"Mikate, mpumbavu wewe! Upande wa nyuma! Fungua!"

Alifungua kwa kumridhisha tu, na trei ya nyuma ilikuwa imeanza kuwa nyeusi pembeni. Kisha mtu akapiga kigelegele, wengine wakaitikia, mwokaji akamshika Mama Kidoti mabega na kumtikisa, "Pua imerudi! Wallahi pua ya mama imerudi!" Naye alikuwa analia na kucheka na kunusa kila kitu, hamira, mafuta, mkono wa mwokaji, unga, ukuta. Unga una harufu! Alikuwa amesahau kabisa kwamba unga una harufu. Msimamizi alitoka ofisini kuuliza kuna nini, na kabla hajajibiwa Mama Kidoti alikuwa ameshatoka nje, mbio, aproni kiunoni na unga hadi kwenye nyusi.

Njiani alinusa dunia nzima. Moshi wa magari, mfereji wa maji machafu, sabuni kwenye nguo za mtu aliyempita. Vilimfurahisha vyote, hata mfereji. Lakini hakusimama. Alikuwa anasema peke yake, kwa sauti, na watu wakimwangalia, "Nakuja, mama. Nakuja mwanangu."

Karakana ya mumewe ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Alimkuta anapaka kiti vanishi. Alimrukia shingoni akavuta pumzi, mbao, vanishi, jasho la mume wake, akasema, "Kumbe bado unanuka hivi!" na kulia upya. Baba Kidoti alielewa hapohapo. Brashi ilimdondoka.

"Imerudi?"

"Imerudi! Niachie nipite."

"Kaa kwanza. Kunywa maji, umekimbia, kifua chako..."

"Kifua kizima. Nipishe."

"Tungoje, Mama Kidoti. Tungoje hata kesho, pua izoee."

"Ningoje nini? Nimengoja miaka!" Akampita kwa bega, naye akamfuata nyuma mikono ikining'inia, mtu mzima asiyejua pa kuiweka.

Alikaa kitandani na mfuko mapajani. Ghafla alipata woga, kama bibi harusi. Alinawa mikono, akajifuta uso kwa khanga safi ili unga usimharibie mwanawe. Akafungua fundo. Akazamisha uso.

Harufu ilikuwepo. Nawaambia ilikuwepo, kali, imejaa sweta zima hadi kwenye pindo. Ilimpanda puani ikamchoma macho. Lakini haikuwa ya mtoto. Ilikuwa karafuu, kafuri, na kitu cha baridi kinachouma. Alitoa uso, akapumua, akaurudisha. Ni ileile. Akageuza sweta ndani nje, akanusa kola, kwapa, mikono ya sweta mahali Kidoti alipokuwa akijifutia mdomo. Ni ileile.

"Pua inanidanganya," alisema. "Bado haijakaa sawa."

Akaenda jikoni akanusa kitunguu. Kitunguu. Akanusa sabuni. Sabuni, tena ya kufulia, na mche wenyewe una uvundo wa kitambaa kilicholowa. Pua ilikuwa nzima. Akarudi chumbani, na pale juu ya kabati, mahali pake pa kila siku, palikuwa na kopo la dawa yake ya kuchua. Alilifungua. Hakuhitaji hata kulisogeza karibu.

Alikuwa ni yeye. Kila asubuhi kwa miaka sita alijipaka ile dawa puani na kifuani, kisha akauzika uso wake ndani ya sweta la mwanawe, akasugua, akavuta, akajaribu tena maana huwezi jua. Kidogo kidogo, asubuhi kwa asubuhi, kwa mikono yake mwenyewe na uso wake mwenyewe, alimfuta Kidoti na kujipaka yeye.

Alikaa chini sakafuni. Alilia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia, maana siku ile alikuwa bado na mfuko. Baba Kidoti alisimama mlangoni. Mkewe alipoinua uso, alimtazama kwa muda, na kitu kikaingia akilini mwake taratibu.

"Wewe una pua nzima," alisema.

Baba Kidoti aliangalia lile kopo la dawa.

"Nusa."

Akampa sweta. Baba Kidoti alilipokea kwa mikono miwili, akaliinua hadi usoni. Akafungua mdomo aseme lile neno, mdomo ukafungika.

"Tangu lini?"

"Mama Kidoti..."

"Nakuuliza tangu lini!"

"Hata mwaka haukuisha." Alikaa naye sakafuni, magoti yakalia. "Harufu ilikuwa inapungua, inapungua. Dawa yako ikawa inazidi. Halafu siku moja nikanusa, nikaona hayumo."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa miaka, na aliitembea kila siku kabla ya chai.

"Na hukusema! Ungesema inapungua, ningelifunga!" Alimpiga kifuani kwa ngumi, mara moja, halafu tena. "Nisingeligusa! Ningelifunga nikalitia ndani ya sanduku na sanduku jingine! Angekuwemo! Hata kidogo, hata tone, leo ningemkuta! Wewe ndiye uliyenifanya nilifungue kila siku, yumo, yumo, yumo, na mimi nikamfuta!"

Hakuzikinga ngumi. "Ulikuwa huamki," alisema. "Siku ya kwanza ilipopungua nilitaka kusema. Nikakutazama. Ulikuwa huamki, mke wangu, mtoto nimeshamzika, nikaona na wewe unakwenda. Nikisema yumo, unavaa kilemba unatoka. Nikasema leo tu. Kesho nitamwambia."

Na hilo nalo lilikuwa kweli, ndiyo balaa yenyewe. Mama Kidoti alilijua ni kweli. Kama angekuwa mume mbaya, angekuwa na mahali pa kuiweka hasira yake, angeibeba akaenda nayo kwa dada yake. Sasa ataiweka wapi? Aliacha kumpiga. Aliegemeza kichwa begani kwa mumewe, vanishi ile, jasho lile.

Kisha alijifuta pua na ncha ya khanga. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Basi niambie wewe. Mwaka ule wa mwisho mimi sikumpata, wewe ulimpata. Ulikuwa unamwogesha, unambeba kumpeleka kulala. Alikuwa ananukaje?"

Baba Kidoti alifumba macho. Alianza, "Alikuwa kama..." akanyamaza. Uso wake ukakunjamana, uso wa mtu anayetafuta funguo mfukoni mwake mwenyewe. "Kama maziwa... hapana. Hiyo ni alipokuwa mchanga. Kuna ile ya nywele zake, jua likiwa limezipiga... Subiri. Ilikuwa... Subiri kidogo."

Mkewe alisubiri. Alikuwa amemkazia macho mdomoni, mikono ameifunga pamoja mapajani, tayari kupokea chochote atakachopewa, hata kidogo.

Yule mwanaume ambaye hakutoa chozi hospitalini, hakutoa chozi makaburini, akaanza kutetemeka mabega.

"Nimesahau," alisema. "Mungu wangu, Mama Kidoti, nimemsahau."